Hatua za ukuaji wa mtu kisaikolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi, walimu na wanachuo wa Moshi

Maswali haya nimeyapata kwa wazazi, walimu na wanachuo wa ualimu hapa Moshi, na mengine kwa wenzetu wa Arusha. Nafundisha saikolojia ya elimu, na kila muhula naona jambo lilelile: mtu akishasoma jedwali la hatua na umri, anarudi nyumbani anaanza kumpima mtoto wake, kisha anaingiwa na hofu isiyo na sababu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Umri ulioandikwa kwenye nadharia ni makadirio. Chenye uzito ni kipi kinatangulia kipi, na ni nani yupo karibu na mtoto anapokuwa anapita hapo.

Nadharia ya hatua inadai nini hasa?

Inadai kwamba binadamu hakui kwa kuongeza maarifa kidogo kidogo tu. Kuna vipindi ambapo namna yenyewe ya kufikiri, kuhisi au kuhusiana na watu inageuka. Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa 1896, aliangalia akili ya mtoto. Erik Erikson aliangalia nafsi na mahusiano, tangu kuzaliwa hadi uzee. Lawrence Kohlberg aliangalia jinsi mtu anavyopima mema na mabaya. Ndiyo sababu umri wao haulingani: kila mmoja alikuwa anatazama upande mwingine wa mtu yuleyule.

Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kuchunguza nafsi, naye yumo, na wanachuo humpenda kwa sababu anashangaza. Namfundisha kwa kuwa alitufanya tuulize utoto unaacha alama gani ukubwani. Madai yake mengi kuhusu hatua za utotoni hayakuthibitika, na simshauri mzazi yeyote ayatumie kulelea mtoto.

Mwanangu ana miaka mitano. Nikihamisha maji kutoka kwenye bakuli kwenda kwenye glasi ndefu, anasema yameongezeka. Ana shida ya kuelewa?

Hana shida hata kidogo. Jaribio hilo ni la Piaget, na jibu la mwanao ndilo alilolipata kwa watoto wengi wa umri huo. Kabla hajawa maarufu, Piaget alifanya kazi Paris akisaidia kuandaa mitihani ya kupima akili za watoto. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi, ila yeye alivutiwa na makosa. Aliona watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna inayofanana. Akahitimisha kwamba mtoto ana mantiki yake, na mantiki hiyo hubadilika.

Alitaja hatua nne. Hadi karibu miaka 2, mtoto anaujua ulimwengu kwa mikono, mdomo na miguu. Kati ya 2 na 7 anatumia maneno na picha, anacheza kibaba na mama, lakini akili yake inashika jambo moja kwa wakati mmoja: akiona kimo cha maji, hauoni upana wa chombo. Kati ya 7 na 11 hivi anaanza kufikiri kwa mantiki juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Kuanzia 11 au 12 anaweza kuwaza juu ya mambo ya kufikirika tu, kama vile "ingekuwaje kama".

Jaribu nyumbani kwa karanga. Panga karanga sita kwa mstari, na chini yake sita nyingine zikitazamana na za kwanza. Muulize kama idadi ni sawa. Atasema ni sawa. Sasa tanua mstari wa chini mbele ya macho yake, bila kuongeza hata moja, umuulize tena. Wa miaka minne atakuonyesha mstari mrefu bila kusita. Mkubwa wa miaka sita huenda akanyamaza kwanza, akainama, akaanza kuhesabu kwa kidole, karanga moja moja, huku midomo ikicheza. Mtazame anapohesabu. Hapo unaona fikra inageuka mbele yako, na usimkimbize kwa kumpa jibu.

Ila Piaget naye alirekebishwa. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba watoto wadogo wanajua zaidi ya alivyodhani, hasa swali likiulizwa kwa namna nyingine. Na mwaka 1969 ulichapishwa utafiti wa Meksiko ulioonyesha kwamba watoto wa wafinyanzi waliwahi kuelewa kwamba udongo haupungui ukibadilishwa umbo, kuliko wenzao ambao wazazi wao hawakufinyanga. Kazi ya mikono iliwafundisha. Mtoto anayempimia wateja dagaa kwa kikombe sokoni Kiboriloni hayuko sawa na yule ambaye hajawahi kupima kitu, hata kama wamezaliwa siku moja.

Wa jirani alitembea na miezi kumi. Wangu ana miezi kumi na minne, bado anashika ukuta.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana ikiwemo, na kutoa matokeo mwaka 2006. Kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Wachache hawakutambaa kabisa, wakapita moja kwa moja kwenye kusimama. Mtoto wako yumo ndani ya miezi hiyo.

Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwaona Wakipsigis wa Kenya wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na kweli watoto hao waliwahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani. Kwa yale ambayo hawakufundishwa hawakuwahi. Kwa hiyo hata mwili unasikiliza malezi.

Nimerudi kazini, mtoto anashinda na dada wa kazi. Atamzoea yeye anisahau mimi?

Swali hili linaulizwa na kina mama wengi kwa sauti ya chini, na nataka kulijibu kwa urefu.

Mwingereza John Bowlby ndiye aliyeeleza kwamba mtoto mchanga huzaliwa akiwa na haja ya kushikamana na mtu mmoja au wachache wanaomlinda. Lakini aliyekwenda kuliona jambo hilo majumbani ni Mary Ainsworth, na hakuanzia Ulaya wala Marekani. Alianzia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alifika Uganda, akatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa nao nyumbani na kuangalia jinsi mama na mtoto wanavyoishi. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka 1967. Utafiti wake maarufu wa Baltimore, Marekani, ule wa mama kutoka chumbani kidogo na kurudi, ulikuja baadaye.

Aliona watoto wakitambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha wakigeuka kuhakikisha mama yupo, kisha wakiendelea. Aliona pia watoto hao wakishikamana na zaidi ya mtu mmoja: mama kwanza, na wengine wa nyumbani pia. Kina mama waliojua watoto wao kwa undani, waliokuwa na mengi ya kueleza wakiulizwa kidogo tu, ndio ambao watoto wao walielekea kuwa na utulivu.

Basi, mama, mwanao hatakusahau. Moyo wa mtoto una nafasi ya bibi, ya dada wa kazi na yako. Kinachomyumbisha ni walezi kubadilika kila mara, mlezi kuondoka bila kuaga, na mtu mzima ambaye mwili wake upo lakini akili haipo. Ukirudi jioni, kabla ya sufuria na simu, mpokee yeye. Mwache akupapase uso. Na huyo dada anayekaa naye mchana kutwa mheshimu na mlipe vizuri, maana utulivu wake ndio utulivu wa mtoto wako. Ukitaka kumbadilisha, wakutane kwa siku kadhaa, mpya na wa zamani, mtoto akiwaona wote wawili.

Tumpeleke bweni mapema ili azoee kujitegemea?

Hapana. Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, na kwa mtazamo wa saikolojia ya makuzi huo ulikuwa uamuzi sahihi. Mtoto hujitegemea akiwa na mtu wa kurudia. Yule wa miaka sita anayeacha kulia bweni baada ya wiki mbili huenda hajazoea. Huenda ameona tu kwamba kulia hakumleti mtu.

Erikson anasema nini kuhusu maisha yote?

Erikson alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, akahamia Marekani, na ingawa hakuwa na shahada ya chuo kikuu alifundisha Harvard. Mwaka 1950 aliandika kwamba maisha yana vipindi vinane, na kila kimoja kina mvutano wake. Mchanga anajifunza kama ulimwengu unaaminika. Anayeanza kutembea anataka kufanya mwenyewe, na akikaripiwa sana anabaki na aibu. Wa miaka mitatu hadi mitano anathubutu, anabuni, anauliza. Akizimwa anajiona mkosaji. Wa shule ya msingi anatafuta bidii na ustadi, na adui yake ni kujiona duni. Kijana anajiuliza yeye ni nani. Mtu mzima wa mwanzo anatafuta ukaribu wa kweli na mwenzake. Wa makamo anataka kuacha kitu kwa kizazi kinachofuata, awe na watoto wake au hana. Mzee anayatazama maisha yake yote na kuona kama anaweza kuyapokea.

Watu wengi wanakosea kudhani kwamba upande mmoja lazima ushinde kabisa. Erikson hakusema hivyo. Mtoto asiyejua kumshuku mtu yeyote yuko hatarini. Anachohitaji ni imani iwe nyingi kuliko shaka. Na hakuna hatua inayofungwa kabisa: mjane wa miaka sitini anaweza kulazimika kujiuliza upya yeye ni nani.

Kijana wetu wa kidato cha pili alikuwa mtulivu. Sasa anabishana, anabadili mtindo wa nywele, wiki hii anataka kuwa rubani, wiki ijayo msanii. Tumempoteza?

Bado mnaye, na anafanya kazi ya umri wake. James Marcia, aliyeendeleza mawazo ya Erikson mwaka 1966, alitofautisha hali nne za kijana mbele ya swali la yeye ni nani. Kuna anayetafuta bado, kama kijana wenu. Kuna aliyetafuta akapata. Kuna asiyetafuta wala kujali. Na kuna aliyekubali kila alichopangiwa bila kujiuliza, ambaye sisi wazazi humsifu kuliko wote: anasomea udaktari kwa kuwa baba alisema. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwombea zaidi, kwa sababu swali aliloliruka hurudi akiwa na miaka thelathini na mitano, na wakati huo ana familia.

Upande wa mwili nao una sehemu yake. Ubongo wa mbele, unaosimamia kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, wakati msisimko na hamu ya kukubalika na wenzake vimeshapanda.

Jamii zetu zilijua kwamba umri huu unahitaji kushikwa na watu wengi. Kwa Wamaasai na Waarusha, rika zima huingia umorani pamoja na hupandishwa pamoja, na wakubwa wana wajibu unaojulikana kwa wadogo. Jando la Wachagga la zamani lilikuwa na mafunzo, na si tohara peke yake. Kijana wa leo Pasua au Ngarenaro mara nyingi anatafuta jibu peke yake na simu mkononi. Mtafutieni mjomba, shangazi, mwalimu wa michezo, mtu mzima mmoja wa kuaminika ambaye si nyinyi. Na bishaneni naye kwa hoja, kwa sauti ya kawaida.

Nadharia hizi zote ni za Wazungu. Zinatuhusu nini?

Hoja ni ya haki. Kohlberg alianza na wavulana wa Chicago peke yao, kisha hatua zake sita za kupima mema na mabaya zikafundishwa kana kwamba ni za binadamu wote. Carol Gilligan alimkosoa mwaka 1982 kwamba fikra za wanawake, zinazotanguliza kumjali mtu na mahusiano, zilipewa daraja la chini.

Waafrika pia wameandika. Bame Nsamenang wa Kamerun, katika kitabu cha 1992, alieleza ukuaji kwa kutazama Wanso, watu wake. Kwake hatua hazipimwi kwa mantiki ya mtoto akiwa peke yake bali kwa wajibu anaokabidhiwa: mtoto anatumwa, anasaidia, anawaangalia wadogo, anaingizwa taratibu katika majukumu ya watu wazima, na uzee ni sehemu ya safari hiyo. Nikisoma maelezo yake naona nyumba za Kibosho na Old Moshi, mtoto wa miaka saba akikata majani ya mbuzi huku akimwangalia mdogo wake. Kwa sehemu yetu hii, Otto Raum alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima kuhusu utoto na mafunzo ya Wachagga, michezo yao ikiwemo. Mwanachuo wa Kilimanjaro anayemaliza masomo bila kukisikia amenyimwa kitu.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Robert Serpell, uliochapishwa 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwashinda. Kwa waya, Wazambia waliwashinda. Kwa udongo walikuwa sawa, maana wote walikuwa wameuchezea. Nenda uchochoro wowote wa Majengo umwone mtoto akikunja waya kuwa gari: anapinda ncha kwa meno, anaupima mhimili wa mbele kwa kidole gumba, anaondoa kizibo cha soda kilichopinda na kutia kingine ili tairi zilingane. Halafu darasani anapewa penseli, na mtihani unasema hajui maumbo. Hilo linaniumiza kila mwaka.

Kwa hiyo zitumieni nadharia, mkiuliza daima: watoto waliotazamwa walikuwa nani, na walipewa kifaa gani?

Vygotsky anamsaidiaje mwalimu mwenye wanafunzi wengi?

Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, alisema tuangalie yale ambayo mtoto bado hawezi peke yake lakini anaweza akisaidiwa kidogo. Hapo ndipo pa kufundishia. Darasa likiwa kubwa, msaidizi wako wa kwanza ni mwanafunzi mwenzake aliyeelewa jana. Waketishe wawili wawili, mmoja amweleze mwingine kwa maneno yao. Kisha ondoa msaada polepole.

Nina miaka 27, nimemaliza chuo, sina ajira, niko kwa wazazi. Nimechelewa kuwa mtu mzima?

Jeffrey Arnett alipendekeza mwaka 2000 kwamba kati ya miaka 18 na 25 kuna kipindi chake, ambacho mtu si kijana tena wala hajawa mtu mzima kamili. Alitazama zaidi nchi tajiri. Kwetu ni tofauti: mwenzako wa Njia Panda ya Himo aliyeanza bodaboda na miaka 18 na kulea wadogo zake hakupewa kipindi hicho, na wewe umekipata kirefu kuliko ulivyotaka kwa sababu ya ajira, wala si kwa udhaifu wa nafsi yako. Kinachokukomaza sasa ni kubeba jambo ambalo wengine wanalitegemea, hata likiwa dogo na halina mshahara.

Aliyekosa malezi utotoni ameshaharibika?

Hapana, ila mapema ni bora, na ushahidi wa yote mawili upo. Nchini Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo vya yatima vyenye uangalizi duni. Baadhi walihamishiwa kwenye familia za kulea. Waliohamia familia walipata nafuu, na waliohama kabla ya kufikisha miaka 2 hivi walinufaika zaidi kwa mambo kadhaa. Katika mkoa wetu, ambako vituo vya watoto ni vingi na wageni hupenda kuvichangia, natamani mchango huo uende kwanza kwa shangazi au bibi aliye tayari kumlea mtoto nyumbani.

Upande wa pili ni Kauai, kisiwa cha Hawaii. Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955. Kati ya waliokulia katika shida nyingi kwa pamoja, theluthi moja hivi walikua wakiwa watu wazima imara. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewajali bila kuwaacha, na mara nyingi hakuwa mzazi. Hata baadhi ya waliopotoka ujanani walitengemaa walipofika miaka thelathini au arobaini, kwa ndoa nzuri, kazi, imani au elimu ya baadaye.

Mama yangu ana miaka 78, yuko Marangu. Tukienda Desemba anarudia hadithi zilezile za ujana wake. Ni uzee tu?

Robert Butler, daktari wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kuyapitia maisha yake kwa kuyasimulia ni kazi halisi ya nafsi. Inaendana na kipindi cha nane cha Erikson. Mnapomkatiza kwa "hiyo ulishatuambia" mnamzuia katika kazi hiyo. Muulizeni zaidi: nani mwingine alikuwepo, aliogopa nini. Wajukuu wamrekodi kwa simu.

Uzee wenyewe si kupungua tu. Paul Baltes alieleza kwamba wazee wanaofanikiwa huchagua machache, huyafanyia mazoezi zaidi, na hutafuta njia ya kufidia kilichopungua. Mfano wake ulikuwa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipiga nyimbo chache, akazifanyia mazoezi zaidi, na akapunguza mwendo kabla ya sehemu za kasi ili kasi hiyo isikike. Mama yako akiacha shamba la chini na kubaki na migomba ya karibu na nyumba, anafanya jambo hilohilo.

Lakini akisahau njia ya kanisani aliyoizoea, akiuliza swali moja mara tano kwa saa moja, au akibadilika tabia ghafla, hiyo si kazi ya nafsi. Mpelekeni hospitali.

Ni lini niache kusoma na kutafuta msaada?

Mtoto akipoteza uwezo aliokuwa nao, kwa mfano alikuwa anaongea akaacha, nenda mapema bila kusubiri. Vivyo hivyo asipotembea baada ya miezi 18, asipogeuka anaposikia sauti, asipotafuta macho ya mtu, au kijana akijitenga kwa wiki nyingi, akiacha kula au kuzungumzia kufa. Anzia kliniki ya mtoto iliyo karibu, wao watakuelekeza. Kwa Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, kwa Arusha kuna Mount Meru. Maofisa ustawi wa jamii wapo kwenye halmashauri. Kwa mtoto anayeumizwa au kunyanyaswa, simu ya mtoto ni 116 na haina malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ukienda, nenda na maelezo: aliwahi kufanya nini, lini kilibadilika, nani anashinda naye. Yaandike kwenye daftari kabla ya kutoka nyumbani.